Kilengeo cha nukta nyekundu hakitulii juu ya bastola yangu: tatizo liko wapi?

*"Mwalimu, habari za kazi. Nina cheti cha kumiliki silaha, ninaishi Njoro na hushiriki mashindano ya kulenga shabaha. Bastola yangu ni ya milimita 9, na slaidi yake, ile sehemu ya juu inayokwenda nyuma na mbele, ilitoka kiwandani ikiwa imechongwa juu ili ipokee kilengeo cha nukta nyekundu, kile chenye kioo kidogo kinachoonyesha nukta ya kulengea. Nilikifunga mwenyewe juu ya bamba lililokuja kwenye boksi. Baada ya risasi kama 200 kikaanza kucheza. Nikakaza, kikalegea tena. Nikaweka kipande chembamba cha mpira wa tyubu chini yake, nikapaka gundi ya skrubu, Loctite nyekundu, na kukaza kwa nguvu zangu zote, skrubu moja ikakatika kichwa. Mwenzangu wa Kisumu akanishauri nitafute skrubu ndefu zaidi. Nilizipata kwenye duka la vifaa vya umeme, nikabadilisha zile zilizokubali kutoka, na zimeshika. Lakini tangu hapo maganda ya risasi yanakwama, na kilengeo bado hakitulii. Kuna fundi wa kukereza vyuma hapa Nakuru mjini anayesema anaweza kutoboa mashimo mapya na kuweka skrubu nene. Nimpelekee? Au hivi vilengeo havifai bastola?"*

Ndugu yangu, umeuliza kuhusu kilengeo, lakini neno lililonishtua zaidi katika barua yako ni hilo la maganda kukwama. Kilengeo kinachocheza kitakuharibia alama. Bastola isiyotoa ganda vizuri ni hatari. Kwa hiyo kwanza iweke kando: usiibebe wala usiende nayo uwanjani hadi tulimalize hili. Na fundi wa kukereza usimpelekee. Nitakueleza kwa nini.

Kabla ya kushika bisibisi, toa magazini, vuta slaidi nyuma, angalia chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, kwa macho kisha iguse kwa kidole. Risasi zote zibaki chumba kingine. Ninajua unayajua haya. Ninayasema kwa sababu kazi ya leo itakufanya uinamie bastola kwa muda mrefu ukiwa na mawazo mengi kichwani, na huo ndio wakati mtu husahau.

Sasa maganda. Yalianza kukwama ulipoweka skrubu ndefu, na ninaamini hapo ndipo penye jibu. Slaidi si kipande cha chuma kilichojaa. Ndani yake kuna mifereji: wa pini ya kupigia, wa kufuli ya pini hiyo, na wa springi inayosukuma kikucha kinachong'oa ganda kutoka chemba. Hukutaja aina ya bastola yako, lakini chukua mfano wa Glock zile za MOS, zinazouzwa zikiwa tayari kwa kilengeo. Upande wa kulia, chini kidogo ya tundu la skrubu inayofunga bamba, kunapita kijiti chenye springi kinachokikaza kikucha hicho. Skrubu ikizidi urefu hata kidogo, ncha yake hukibana kijiti, kikucha hushindwa kurudi mahali pake, na ganda hubaki chemba au hukwama kwenye mlango wa kutokea. Bastola nyingine zimepangwa tofauti, na huko skrubu ndefu inaweza kugusa hata springi ya kufuli ya pini, jambo ambalo ni baya kuliko ganda kukwama.

Kulithibitisha ni rahisi. Ukiwa umehakikisha bastola ni tupu, ondoa ile skrubu ya upande wa kulia, kisha kisukume kikucha kwa ncha ya kijiti cha mbao na kukiachia. Kinatakiwa kisogee na kurudi kwa nguvu. Sasa rudisha skrubu, ikaze, usukume tena. Kikiwa kizito au kikikataa kurudi, umempata mkosaji. Usiifupishe kwa kuisugua kwenye sakafu ya saruji kama wengi wanavyofanya, itupe tu, kwa sababu skrubu hiyo ina kasoro nyingine.

Skrubu ulizonunua, ikiwa ni zile za kufungia soketi na swichi ukutani, ni za kipimo cha M3.5. Skrubu za vilengeo vingi vya bastola ni za kipimo cha Kimarekani kinachoitwa 6-32. Ukiziweka kiganjani pamoja hutaona tofauti, zote zina unene wa karibu milimita 3.5. Tofauti iko kwenye thredi. Ile ya soketi husonga milimita 0.6 kwa kila mzunguko, na ya 6-32 husonga milimita 0.8 hivi. Kwa hiyo ukiifunga M3.5 kwenye tundu la 6-32 huingia mzunguko mmoja au miwili vizuri, kisha inaanza kuwa ngumu, nawe unafurahi ukidhani imeshika. Imekwama tu, na inazitafuna thredi za bamba kadiri unavyoikaza. Isitoshe, skrubu ya soketi imetengenezwa ishike kifuniko cha plastiki ukutani, na chuma chake ni laini.

Kuna udanganyifu wa tatu wa skrubu ndefu, nao ndio unaoeleza kwa nini kilengeo bado kinacheza ingawa "zimeshika". Skrubu inayofunga kilengeo huingia kwenye bamba. Ikiwa ndefu kuliko unene wa bamba, ncha hutokea chini na kugonga slaidi. Mkono wako unahisi kigingi na unaacha kukaza, lakini kichwa cha skrubu bado hakijakibana kilengeo. Ukizidisha nguvu, skrubu inalisukuma bamba juu, yaani unalitoa mahali pake huku ukidhani unalifunga. Namna ya kuepuka ni kukifunga kilengeo juu ya bamba likiwa mkononi, nje ya slaidi, kisha kuligeuza na kupitisha ukucha chini yake. Ncha ya skrubu isizidi uso wa bamba, na afadhali ibaki ndani kidogo.

Tuje kwenye kiini. Bastola ya milimita 9 inapofyatuliwa, slaidi hurushwa nyuma, hugonga, husimama, hurudi mbele na kugonga tena, yote hayo chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kilengeo kina uzito mdogo, kwa kawaida gramu 35 hadi 45, lakini kila slaidi inapoondoka au kusimama ghafla kilengeo kinataka kubaki kilipokuwa au kuendelea kilikokuwa kinakwenda. Nguvu hiyo huja kwa mlalo, mbele na nyuma. Watu wengi hudhani skrubu ndizo zinazoizuia, kwa hiyo tatizo likitokea wanataka skrubu nene, ndefu au yenye gundi kali. Sivyo. Skrubu mbili ndogo zikipewa kazi ya kuzuia nguvu ya mlalo zitakatika, kama yako ilivyokatika.

Kazi ya skrubu ni kubana. Inapokazwa hunyooka kidogo sana, kiasi ambacho jicho halioni, na kule kutaka kurudi urefu wake ndiko kunakogandamiza kilengeo, bamba na slaidi pamoja. Msuguano kati ya nyuso hizo ndio unaoshika, ukisaidiwa na kuta za mbele na nyuma za pale palipochongwa na vile vichuma vidogo vilivyochomoza kuingia chini ya kilengeo. Umeyaona malori kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret: kilichoishika ringi ni mgandamizo wa nati, si bolti kubeba mzigo kwa ubavu. Nati zikilegea ringi huanza kucheza, na baada ya hapo bolti hukatika moja baada ya nyingine hata zingekuwa nene namna gani.

Ukishaelewa hilo, utaona ule mpira wa tyubu ulifanya nini. Mpira hubonyea, na unaendelea kubonyea polepole hata ukiuacha kabatini. Unakaza leo, kesho mpira umenywea, na mgandamizo wote umeondoka ingawa skrubu haijazunguka hata nyuzi moja. Chuma kikae juu ya chuma. Hata karatasi, utepe au tabaka nene la rangi chini ya kilengeo hufanya hivyo hivyo kwa kiasi chake. Uondoe, usafishe mabaki yake yote.

Loctite nyekundu nayo ulipewa kama dawa, nami sikulaumu, kwa kuwa maneno "kali zaidi" huuza chochote. Gundi hizi hukauka zinapofungiwa kati ya vyuma bila hewa, na kazi yake ni kuzuia skrubu isijizungushe yenyewe kwa mtikisiko. Haziongezi mgandamizo. Ukiipaka kwenye skrubu isiyobana, umegandisha ulegevu. Ile ya bluu, ya nguvu ya wastani kama 243, inatosha kabisa, na bisibisi ya kawaida itaifungua siku ya haja. Nyekundu kama 271 huhitaji joto la karibu nyuzi 250 za selisiasi ili iachie, na joto hilo hukitaki karibu na kioo na saketi za kilengeo chako.

Na kukaza kwa nguvu zote? Kwenye skrubu ya kawaida karibu asilimia 90 ya nguvu unayozungushia huishia kwenye msuguano, chini ya kichwa na kwenye thredi. Ni kama asilimia 10 tu inayogeuka kuwa mgandamizo. Maana yake ni kwamba hali ya thredi hubadilisha matokeo sana. Zikiwa chafu au zimejikwaruza, utahisi umekaza sana na hujabana chochote. Zikiwa na mafuta, nguvu ileile hubana kupita kiasi na skrubu huvutika hadi kukatika. Ndiyo sababu mkono peke yake si kipimo, hata mkono wa fundi mzoefu.

Kabla ya kufungua kila kitu, nakuomba ufanye jaribio moja dogo, kwa sababu una viungo viwili na hujui ni kipi kinachocheza: kati ya kilengeo na bamba, au kati ya bamba na slaidi. Chukua mafuta mepesi ya bastola kwa ncha ya kijiti cha meno, uyachore kama uzi mwembamba kwenye mistari yote miwili ya viungo, upande mmoja. Shika slaidi kwa mkono mmoja, na kwa dole gumba la mkono mwingine kisukume kilengeo mbele na nyuma huku ukitazama kwa mwanga mkali. Kiungo kinachocheza kitayavuta mafuta ndani na kuyatema, utaona yakipumua. Kiungo kilichobana mafuta yake yatabaki yametulia. Ukifungua, tafuta pia vumbi jeusi au la kahawia kama kutu, na madoa yaliyong'aa kwa kusuguana. Hapo ndipo vyuma vilikuwa vikisagana.

Ikiwa kinachocheza ni bamba juu ya slaidi, ona kama lina nafasi mbele na nyuma hata kabla ya skrubu. Mabamba yanayokuja kwenye boksi hutengenezwa yaingie kwenye kila slaidi ya aina hiyo, na lenye nafasi kidogo si ajabu kulikuta. Bamba likitelezateleza kwa kidole ndani ya nafasi yake, hakuna ukazo wala gundi itakayolitibu kwa muda mrefu. Hilo ni la kubadilisha.

Sasa ile skrubu iliyokatika kichwa. Ukikinyanyua kilengeo huenda kipande kikabaki kimechomoza juu ya bamba. Kwa kuwa ulitumia gundi nyekundu, usikivute kikiwa baridi. Ondoa kilengeo kabisa, kisha gusisha kwenye kipande hicho kile chuma cha moto ambacho mafundi wa redio huchomelea nyaya, ukishikilie hadi joto liingie, halafu ukizungushe taratibu kwa koleo ndogo kikiwa bado cha moto. Fungua dirisha, moshi wa gundi si wa kuvuta. Kama kimekatika sawa na uso wa bamba, au ndani ya slaidi yenyewe, acha. Kipande kilichozama ndani ya slaidi si cha kujaribia bahati nyumbani.

Kikishatoka, kazi yenyewe haina haraka. Agiza skrubu mpya zilizotajwa na mtengenezaji wa kilengeo au bamba lako, za urefu uleule, na zile zilizokwisha kuvutika usizirudishe. Safisha thredi za skrubu na matundu kwa asetoni au spiriti kali hadi kitambaa cheupe kitoke cheupe. Dawa ya kusafishia breki inayouzwa kwenye maduka ya spea nayo huondoa mafuta vizuri, ila isifike kwenye kioo wala kwenye fremu ya plastiki. Ingiza kila skrubu kwa vidole bila gundi kwanza, uhesabu mizunguko tangu ishike hadi kichwa kikae. Kwa skrubu ya 6-32 ndani ya chuma ningependa mizunguko minne na zaidi. Ikiwa ni miwili tu, thredi zilizoshika ni chache mno, na hilo bamba halikufai hata kama limekaa sawa.

Anza na bamba juu ya slaidi. Tone dogo la gundi ya bluu kwenye thredi mbili tatu za mwisho za skrubu linatosha. Usilimimine tunduni, maana skrubu italisukuma chini na huenda likaingia kwenye mfereji wa springi au wa pini, na utarudi palepale pa ganda kukwama. Kaza kidogo upande mmoja, kidogo upande wa pili, ukipokezana, kisha malizia kwa kipimo. Kisha kilengeo juu ya bamba kwa utaratibu uleule, na ukijaribu tena kikucha mwishoni.

Kipimo chenyewe kinatajwa kwenye karatasi iliyokuja na kifaa, na hicho ndicho cha kufuata. Vilengeo vingi vya namna hii huwa kati ya pauni-inchi 10 na 15. Kampuni ya Trijicon kwa kilengeo chao cha RMR hutaja 12, ambayo ni kama nyutoni-mita 1.4. Bisibisi ya kupimia ukazo ndiyo njia ya haki, na kama unashindana ni kifaa cha kununua mara moja ukatumia miaka mingi. Ukiwa huna, kuna njia ya kukusogeza karibu: chukua ufunguo wa pembe wa saizi ya skrubu, pima sentimita 10 kutoka kwenye ncha inayoingia kwenye skrubu, funga hapo kamba ya mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia samaki au mizigo, uivute kwa pembe mraba hadi isome kilo 1.4. Ufunguo ukiwa mfupi, kama sentimita 5, vuta hadi kilo 2.8. Utashangaa jinsi ilivyo nguvu ndogo. Ulipokata skrubu ulikuwa mbali sana juu ya hapo.

Iache saa 24 bila kuigusa. Gundi hizi hukauka polepole kwenye baridi na kwenye vyuma vilivyopakwa au kutibiwa uso, na usiku wa Njoro mwezi wa Julai si wa Kisumu, kwa hiyo siku mbili hazitakuumiza. Halafu chora alama: mstari mwembamba wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye mwili wa kilengeo, na mwingine ukivuka kiungo cha kilengeo na slaidi. Skrubu ikizunguka au kilengeo kikihama, mstari utavunjika nawe utaona kwa kutupa jicho tu.

Nirudi kwa fundi wako wa mjini. Sina shaka na ustadi wake, mafundi wa kukereza wa Nakuru wanatengeneza vipuri vya trekta ambavyo wengine huagiza ng'ambo. Lakini Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka anayekarabati silaha kama biashara awe amesajiliwa kuwa mfanyabiashara wa silaha, na slaidi ni sehemu ya silaha. Ukimwachia yeye, unamweka matatani na kukihatarisha cheti chako. Kuna na upande wa chuma. Slaidi nyingi za kisasa hupewa uso mgumu sana kwa joto na naitrojeni. Ngozi hiyo ni nyembamba mno, lakini kekee ya kawaida huteleza juu yake, fundi ataongeza nguvu na joto, na tundu litatoka pembeni. Na chini ya hapo kuna ile mifereji niliyokutajia. Tundu lililopasua mfereji wa springi halizibiki kwa namna ambayo mimi ningeiamini kiunoni mwa mtu.

Njia zako za kweli ni hizi. Ya kwanza, na ndiyo ningeanza nayo, ni bamba la chuma lililotengenezwa kwa ajili ya slaidi yako na kilengeo chako mahsusi, linaloingia kwa kubana bila kuteleza. Ujue kilengeo chako kina nyayo gani, yaani mpangilio gani wa matundu na umbo la chini, kwa sababu haziingiliani: kilengeo cha Holosun 507C hutumia mpangilio wa matundu wa RMR, lakini 507K ya kampuni hiyohiyo ni ya mpangilio mwingine, mdogo zaidi. Ya pili ni slaidi kuchongwa moja kwa moja kwa kilengeo kimoja bila bamba. Huko kiungo kimoja kinaondoka, kilengeo kinakaa chini zaidi, na kwa uimara ndiyo bora. Ila chuma kilichochongwa hakirudi, ukibadilisha kilengeo umefungwa, na kazi hiyo ni ya mtu aliyesajiliwa mwenye mashine sahihi. Ya tatu ni kurudi kwenye vilengeo vya chuma vya kawaida kwa muda, na sioni aibu ndani yake. Kama bastola hiyo ndiyo unayoibeba kujilinda, ningekuambia urudi huko mara tu maganda yatakapoacha kukwama, hadi bamba lifike. Kabla ya kuagiza chochote kutoka nje, zungumza na muuzaji wako wa silaha au uulize Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha, kisha ulipe. Usifanye kinyume.

Na je, vilengeo hivi havifai bastola? Vinafaa. IPSC, shirikisho la kimataifa la mashindano ya kulenga shabaha, ina daraja zima, Production Optics, la bastola zenye kilengeo juu ya slaidi, na watu hufyatua maelfu ya risasi bila kugusa skrubu. Faida yake kubwa ni kwamba jicho hubaki kwenye shabaha, na mwenye macho ya miaka hamsini na kuendelea hulionea raha jambo hilo. Kasoro ninayoiona kwa upande wetu ni vumbi. Vile vya wazi vina taa ndogo nyuma inayomulika kioo, na chembe moja ikitua juu ya taa nukta hupotea au kugeuka umbo. Mashamba ya ngano ya Njoro yakiwa makavu utalijua hilo. Kando ya ziwa Kisumu ni mvuke na wale wadudu wa ziwani wanaopanda jioni kama moshi na kujipenyeza popote penye mwanga. Aina iliyofungwa pande zote haina shida hiyo, ingawa ni nzito kidogo. Nukta ikionekana kama nyota yenye miiba, ipige picha kwa simu: ikitoka duara kwenye picha, kilengeo ni kizima, kamwone daktari wa macho.

Ukifika uwanjani baada ya kufunga upya, anza mita 10, bastola ikiwa imelazwa juu ya mfuko wa mchanga, risasi tano tano, kisha thibitisha mita 25. Mbofyo mmoja wa skrubu ya kurekebisha nukta, wa MOA 1 (MOA ni kipimo kidogo cha pembe), huhamisha risasi kama milimita 3 kwa mita 10 na milimita 7 kwa mita 25, kwa hiyo usizungushe ovyo kwa sababu ya risasi moja iliyopotea. Angalia mistari yako ya rangi baada ya risasi 50 za kwanza, halafu mwisho wa siku. Risasi zikihama na mistari ikiwa mizima, tatizo liko ndani ya kilengeo au kwako. Mstari ukivunjika, simama hapo hapo, usikaze tu ukaendelea. Kama betri ya kilengeo chako iko chini yake, kila kuibadilisha ni kufunga upya na kusawazisha upya. Ibadilishe mara moja kwa mwaka siku unayoichagua wewe, usingoje izime kwenye mashindano.

Mambo manne yakitokea usiendelee peke yako, mpelekee mtaalamu aliyesajiliwa, hata kama ni safari ya Nairobi: kipande cha skrubu kimebaki ndani ya slaidi, thredi za slaidi yenyewe, si za bamba, zimeharibika, kikucha bado ni kizito baada ya kuondoa skrubu ndefu, au kuna ufa wowote kwenye kona za pale palipochongwa. Bastola isafiri ikiwa tupu, cheti kikiwa mfukoni. Chukua na bamba la zamani na skrubu zote ulizowahi kutumia, hata iliyokatika, kwenye mfuko mmoja ulioandikwa ipi ilikaa wapi. Mtu mwenye jicho akiona mahali skrubu ilipokatika na alama zilizo kwenye ncha yake, atajua ilikuwa ikigonga nini.